Kisa cha mvuvi wa dagaa, msumeno uliokatika, na postimotamu (uchunguzi wa maiti) niliyoandika "kuzama"

Leo naomba nikiweke hiki kisa kizima, maana nimekuwa nakisimulia vipande vipande kila nikikutana na daktari kijana kapangiwa wilaya za kandokando ya Ziwa Victoria, na kila nikifika pale pabaya naruka. Hospitali siitaji, mwalo, yaani ufukwe wanapofikia wavuvi, siutaji, na marehemu ntamwita kijana tu kwa heshima ya nduguze. Aliyekosea ni mimi, kwa hiyo hakuna wa kumsingizia.

Mwaka 2017. Nina mwaka na kitu tangu nimalize utarajali, nimepangiwa hospitali ya wilaya upande wa visiwani huku Mwanza. Jumatatu saa nane mchana, wagonjwa wa nje wamejaa mpaka barazani, watoto wana homa, kuna dereva bodaboda kavunjika paja kalazwa kwenye benchi, mara afande anaingia na fomu mkononi, dokta kuna mwili wa majini. Wenzangu ghafla wote wakawa bize na simu zao. Pale kwetu kulikuwa na sheria isiyoandikwa kwamba mwili ulioletwa na polisi ni wa daktari mgeni kuliko wote, na mgeni nilikuwa mimi.

Kwenye ile fomu sehemu ya maelezo ya tukio kulikuwa na mstari mmoja wa kalamu ya bluu: alizama akiwa anavua, alikuwa amelewa. Basi. Saizi nikiikumbuka ile karatasi naona ndo iliyoniponza kuliko kitu kingine chochote siku ile, kuliko msumeno, kuliko friji, maana nilipewa jibu kabla sijavaa glavu na mimi nikaingia mochwari kutafuta vya kulitetea lile jibu.

Habari yenyewe kwa walivyosimulia baadae ni hivi. Ijumaa usiku ilikuwa giza la mwezi, na wanaojua dagaa wanajua giza ndo biashara, mitumbwi yote inatoka na taa. Kijana wa miaka 24 hivi alitoka na wenzake, wenzake wakarudi alfajiri bila yeye wakasema alidondoka. Jumatatu asubuhi mzee mmoja anayetega kamba za ndoano akauona mwili umenasa kwenye magugu maji, umeibuka, akaufunga kamba na kuuburuza mpaka ufukweni nyuma ya mtumbwi. Ziwa letu halina baridi jamani, maji ya juu yako kwenye nyuzi 24 mpaka 26 karibu mwaka mzima, kwa hiyo siku mbili tatu mwili unajaa gesi na kuibuka wenyewe. Kuna kanuni ya zamani ya daktari mmoja Mjerumani, Casper, kwamba wiki 1 hewani ni kama wiki 2 majini na kama wiki 8 ardhini, nilikuwa nimeikariri kwa ajili ya mtihani, ila Casper hakuwahi kuvua Nyanza, yaani ziwa letu hili. Na kingine ambacho hawatuambii vizuri ni kwamba mwili wa majini ukishatoka nje unaoza kwa kasi ya ajabu, saa sita juani zinaharibu kuliko siku nzima ndani ya maji.

Sasa huo mwili ulifika kwetu saa tatu asubuhi. Mi nauona saa nane na nusu. Katikati hapo ulilala sakafuni kwenye turubai maana friji letu lilikuwa na sehemu nne, mbili zimekufa, mbili zina watu, na umeme ulikuwa unakatika na kurudi, jenereta ni la chumba cha upasuaji na wodi ya wazazi tu. Mochwari yenyewe chumba kimoja, meza ya zege isiyo na mteremko kwa hiyo maji na damu vinasimama hapo hapo unapofanyia kazi, bomba limekauka tangu wiki iliyopita, dirisha moja la nyavu na inzi wako ndani na nje. Vifaa: kisu cha jikoni cha mpini wa mbao kimenolewa mpaka kimebaki chembamba, nyembe za upasuaji bila mpini wake, mkasi, uzi na sindano ya kushonea magunia, ndoo mbili, jiki, na msumeno wa chuma ule wa mafundi bomba. Mizani hakuna. Glavu zilikuwa zile nyepesi za kupimia wagonjwa, nikavaa mbili mbili.

Alikuwepo mzee wa mochwari, Msukuma mmoja mtaratibu sana, kakaa na maiti miaka zaidi ya ishirini. Nikamwamkia, shikamoo mzee, akaitikia marahaba dokta, kisha akaniuliza kwa upole kama nimeshawahi. Nikamwambia nimewahi. Nilikuwa nimewahi kweli, kuona. Miaka mitano ya udaktari, somo la patholojia ya mahakama ni wiki chache za mihadhara, na siku za kwenda mochwari mnasimama wanafunzi kibao mmezunguka meza moja, wa mbele anaona ini, wa nyuma anaona visogo vya wenzake. Mi nilikuwa wa nyuma kwa sababu ya harufu. Nikiwa mtarajali nilijifunza kumtoa mtoto kwa upasuaji, nikajifunza kuunga utumbo, hakuna aliyeniuliza kama najua kufungua fuvu.

Nikaanza nje. Uso umevimba umekuwa mweusi, macho na ncha za masikio vimeliwa na samaki, ngozi ya viganja imesinyaa nyeupe inataka kuvuka kama glavu. Shingoni kuna mchirizi wa kamba. Kisogoni upande wa kulia kuna jeraha la sentimita 4, kingo zake zimechanika chanika, halina damu, jeupe. Mzee akasema hii ya shingo ni kamba waliyomvutia hii. Nikamuuliza afande, akasema hajui, yeye kaukuta mwili uko ufukweni. Na hapa ndo naomba mnisome taratibu: yule mzee aliyeuburuza mwili alikuwa nje, chini ya mwembe, hatua kama thelathini kutoka nilipokuwa nimesimama, kaja na ndugu wa marehemu. Sikutoka kumuuliza alifunga kamba wapi, shingoni au kwapani. Nikaandika "alama ya kamba shingoni" nikasonga mbele.

Kifua nilifungua kwa maelekezo ya mzee, sioni aibu kusema. Mapafu mazito, maji ya rangi ya chai ya rangi kwenye uwazi wa kifua pande zote mbili, povu hakuna kwenye koromeo. Tumboni kuna ugali na maji maji. Moyo niliutazama kwa nje nikaurudisha. Mapafu mazito nikayafurahia kweli, nikajisemea haya sasa, kuzama hii. Yale ya kozi yalikuwa yamenitoka kichwani yote: kwamba mwili ulioanza kuoza maji hujaa kwenye kifua yenyewe hata kwa mtu aliyekufa kitandani kwake, kwamba lile povu la mzamaji linapotea siku ya pili ya tatu, na viganja kusinyaa hakuna maana ya kuzama hata kidogo, ni kwamba ulikuwa majini tu, maiti ukiitupa ziwani viganja vitasinyaa vile vile. Kuzama huwezi kukuona kwa jicho kama unavyoona risasi. Unakufikia kwa kuondoa vingine vyote kimoja kimoja, kichwa hakijapigwa, shingo haijakabwa, hana sumu, moyo hauna ugonjwa, hana historia ya kifafa, ndipo unasema kwa mazingira haya inaelekea alizama. Mi nilianzia mwisho.

Kichwa sasa. Nikakata ngozi ya kichwa kutoka sikio mpaka sikio kupitia utosini, nikaivuta kipande cha mbele mpaka kwenye nyusi, nikaweka msumeno kwenye paji. Kama mapigo kumi hivi, wembe wa msumeno ukasema tak, ukakatika. Mzee akasema dokta, ule wa akiba ulikatika wiki jana kwa yule marehemu wa bodaboda. Saa kumi imeshapita. Nje wanawake wameanza kulia upya, gari la kubebea mwili limeshawashwa limezimwa limewashwa, afande anaangalia saa kwa sababu ya kivuko cha mwisho, mganga mfawidhi kanipigia mara mbili kwamba kuna mama anahitaji upasuaji. Nikarudisha ngozi, tukashona.

Nikaandika ripoti ya mistari tisa. Ya mwisho: chanzo cha kifo ni kuzama majini.

Kwa muda mrefu hadithi yangu ilikuwa inaishia kwenye msumeno, na kila aliyesikia aliguna akasema serikali iwaangalie nyie watu jamani, mnafanya kazi kwenye mazingira magumu. Na mimi nilikuwa napenda iishie hapo.

Miezi minne baadae mpishi wa kambi, kijana mdogo tu, aligombana na tajiri wa mitumbwi kuhusu malipo, akaenda polisi kusema kwamba ile Ijumaa marehemu alikuwa anatuhumiwa kuficha injini, na mmoja wa wenzake alimpiga na upondo kabla hajaingia majini. Upondo kwa wasioujua ni ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi kwenye kina kifupi. Faili likafufuka. Mahakama ikatoa amri ya kufukua, ukaja ugeni: polisi, afisa afya, mwenyekiti, ndugu wawili wa kutambua kaburi, na daktari bingwa wa patholojia kutoka mjini, ambaye aliomba na mimi niwepo. Nilidhani anataka kunidhalilisha.

Kaburi liko juu ya mwinuko wa mchanga unaoona ziwa. Mchanga wa juu mkavu, wa chini umelowa, jeneza la mbao laini limebonyea katikati. Bingwa hakuwa na mtambo wowote wa kutisha, alikuwa na begi la mgongoni. Ndani: glavu nzito za mpira, rula ya plastiki, kamera ya kawaida, mifuko ya karatasi, kalamu ya wino usiofutika, mswaki wa meno na chupa za maji ya kunywa. Ngozi ya kichwa kwa wakati ule ilitoka kwa mkono. Akamwagia maji kwenye kisogo, akasugua na mswaki taratibu kama mtu anaosha kikombe, na ufa ukatokea. Mwembamba kama unywele, unaanzia kisogoni unapinda kuelekea nyuma ya sikio la kulia, akaweka rula, sentimita 9. Chini ya lile jeraha langu la sentimita 4 kabisa.

Akaniuliza bila kuinua sauti, hapa uliangalia? Nikaanza hadithi ya msumeno. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, ufa uko nje ya fuvu dokta, huu hauhitaji msumeno, ungevuta ngozi kuja nyuma kama ulivyoivuta kwenda mbele.

Ile Jumatatu nilikuwa na wembe wa upasuaji mkononi. Kazi ya dakika mbili. Ngozi ilishakatwa tayari, nilichohitaji ni kuivuta upande wa pili, upande wenye jeraha, nami sikuivuta kwa sababu kichwani mwangu kufungua kichwa maana yake ni msumeno, na msumeno ukikatika basi kichwa kimeisha. Hicho ndicho kipande ambacho huwa naruka.

Kilichofuata kilikuwa kama darasa, pale pale juu ya kaburi, afande anafukuza watoto. Akasema mfupa unaniambia ufa huu sio wa jembe la jana, kingo zake zina rangi moja na mfupa wote, jembe lingeacha kingo nyeupe, na umepasuka mfupa ukiwa bado mbichi. Lakini mbichi ni neno pana. Mfupa unabaki mbichi kabla ya kufa, wakati wa kufa na muda baada ya kufa, huyu angeweza kupigwa upondo, angeweza kudondoka akagonga ubavu wa mtumbwi, mwili wake ungeweza kugongwa na mtumbwi mwingine siku ya Jumamosi. Kinachotenganisha hayo ni damu iliyovilia chini ya ngozi ya kichwa na bonge la damu juu ya ubongo, na bonge hilo linakaa hata mwili ukianza kuoza, lilikuwepo au halikuwepo ile Jumatatu, wewe ndo ulikuwa mtu wa mwisho duniani kuweza kujua. Akaongeza kitu ambacho sikuwahi kukifikiria, kwamba maiti majini inaelea kifudifudi kichwa kimening'inia chini, damu inashuka usoni, ndo maana uso unakuwa mweusi hata bila kupigwa, na jeraha lililopatikana mtu akiwa hai likilowekwa siku tatu linaoshwa na kuwa jeupe. Kwa hiyo weupe wa jeraha niliyouchukulia kama ushahidi kwamba ni la baada ya kifo haukuwa ushahidi wa kitu.

Kuhusu shingo, akanieleza kwamba inafunguliwa mwisho, baada ya kutoa ubongo na viungo vya kifua ili damu ichuruzike kwanza, halafu unachambua msuli mmoja mmoja, maana ukikimbilia shingo ikiwa na damu utaipasua mishipa mwenyewe na kesho utaona madoa uliyoyatengeneza wewe ukayaita kukabwa. Mi shingo sikuigusa, kwa hiyo lile "alama ya kamba shingoni" lilibaki kwenye ripoti linaelea bila maelezo kama mwili wenyewe ulivyokuwa unaelea.

Nikamuuliza kuhusu diatomu, nilikuwa nimesoma usiku wa kuamkia siku ile ili nisionekane mjinga sana. Hivi ni vimea vidogo visivyoonekana kwa macho, vina ganda gumu kama kioo, ziwa limejaa. Mtu anayezama akiwa hai anavuta maji, vinapenya mapafuni vinaingia kwenye damu mpaka kwenye uboho wa mfupa wa paja, aliyetupwa ameshakufa moyo hausukumi kwa hiyo havifiki. Unauyeyusha uboho kwa asidi, ganda haliyeyuki, unaliona kwenye hadubini. Akatabasamu. Akasema kipimo chenyewe wataalamu wanagombana nacho mpaka leo, na hata tukivipata wakili atauliza sampuli ya maji ya pale mlipomtoa, ya siku ile ile, iko wapi. Chupa moja ya maji ya ziwa! Ufukweni pale kila mtoto ana chupa ya plastiki.

Halafu akataka aione mochwari yetu na maabara. Tukarudi. Hii ziara ndo ilinivua nguo. Maabara akafungua droo akatoa chupa ndogo yenye kofia ya kijivu akaniuliza hizi mnafanyia nini, mteknolojia akajibu za kupimia sukari. Akasema ndani yake kuna floraidi, inazuia vijidudu visitengeneze wala kula pombe kwenye damu, hizi hizi ndo za kuwekea damu ya marehemu. Kumbe lile "alikuwa amelewa" la kwenye fomu lingeweza kupimwa, au tuseme lingejaribiwa kupimwa, maana mwili ukioza unatengeneza pombe yake wenyewe na damu ya siku ya tatu inaweza kumfanya mlokole aonekane mlevi, ndo maana wanapendelea majimaji ya ndani ya jicho au mkojo, vinachelewa kuharibika. Macho ya kijana yalikuwa yameliwa ila kibofu kilikuwepo, nilikiona nikakiacha. Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali kanda ya ziwa iko Mwanza mjini, ni kivuko na daladala.

Chumba cha eksirei kiko hatua sitini kutoka mochwari. Sikuwahi kusikia kwamba maiti inaweza kupigwa picha, tulikuwa tunatunza filamu kwa walio hai. Simu yangu ilikuwa na kamera, nilikuwa nimeipiga picha keki ya harusi Jumamosi yake, marehemu sikumpiga hata moja.

Ila sitaki nijichape peke yangu mpaka vifaa vionekane ni kisingizio tu, hapana. Meza isiyo na mteremko ni shida kweli, unafanya kazi ndani ya supu. Bila maji huwezi kuosha kiungo ukaona rangi yake halisi, bila mizani unaandika "mazito" na mazito ni maoni. Bila friji la uhakika familia wana haki ya kukuharakisha, hasa Waislamu ambao mazishi hayasubiri, na wengine wanaosafirisha mwili visiwa viwili mbele. Na friji likikosekana kinachokuja ni fomalini, mhudumu anachoma mwili usinuke kabla daktari hajafika, na fomalini ikishapita sumu nyingi huzipati tena na vinasaba vinaharibika. Sisi siku ile tuliponea kwa sababu fomalini ilikuwa imeisha. Glavu zile nyepesi zilichanika mara mbili kwenye mbavu zilizokatwa, na huku kwetu kifua kikuu kipo, virusi vya ini vipo. Mochwari haina msemaji kwenye vikao vya bajeti, wodi ya watoto ikikosa oksijeni mzazi atapiga kelele mpaka redioni, waliolala kule kwetu hawapigi kelele.

Na mabingwa wenyewe ni wachache, wako kwenye hospitali kubwa, na kazi inayowala muda ni vinyama vya saratani vya walio hai, kama ilivyo haki. Kwa hiyo postimotamu za polisi nyingi wilayani zinafanywa na mtu kama mimi nilivyokuwa. Watu wa kanda hii tunafikiri tumezoea maiti za maji, tulizika wa meli ya MV Bukoba pale Igoma baada ya tarehe 21 Mei 1996, tukaja kuwa na kivuko cha MV Nyerere pale Ukara Septemba 2018, lakini ajali kama zile swali ni huyu ni nani, chanzo kila mtu anakijua. Maiti moja kwenye magugu maji swali ni tofauti kabisa, na lile la kwanza halikufundishi la pili. Umoja wa Mataifa una mwongozo wake wa vifo vyenye utata, unaitwa Minnesota, wa 1991 ukarekebishwa 2016, sehemu kubwa ya kinachotakiwa mezani ni uvumilivu: fungua kichwa, kifua na tumbo vyote bila kujali unachodhani, piga picha zenye rula, andika hata usichokiona. Hakuna mahali wanasema ununue mtambo wa mamilioni kabla hujavuta ngozi ya kisogo.

Mahakamani nilifika 2019, vikao vya Mahakama Kuu Mwanza. Mshtakiwa mmoja, kesi ya mauaji, jaji na wazee wa baraza wawili. Mimi shahidi wa upande wa mashtaka ila aliyenitumia vizuri ni wakili wa utetezi. Alikuwa mpole kupita kiasi. Dokta, wewe ndiye uliyeuona mwili ukiwa bado na nyama? Ndiyo. Na uliandika kuzama? Ndiyo. Uliandika kwa hiari yako, kwa taaluma yako, ukasaini? Ndiyo. Kuna mahali umeandika kwamba hukumaliza uchunguzi? Hapana. Kuna mahali umeandika msumeno ulikatika? Hapana. Akakaa chini. Bingwa alipopanda akasema ukweli wake wote, kwamba ufa upo, wakati wake hawezi kuusema kwa uhakika. Mpishi aliyumba kwenye muda na giza. Mahakama ikaona mashaka, na mashaka ni mali ya mshtakiwa, akaachiwa, na kwa ushahidi ule hata mimi ningekuwa jaji ningemwachia.

Kwa sababu sijui kama alipigwa. Watu wakisikia hiki kisa wanataka niseme nilimwachia muuaji, wengine wanataka niseme kijana wa watu alikaa rumande miaka miwili bure, na yote mawili yanawezekana. Nje pale kwenye ngazi dada wa marehemu alinisubiri, dada mkubwa tu wa makamo, akanisalimia kwa heshima akaniuliza, dokta kwa hiyo kaka yetu alizama au alipigwa? Nikamwambia dada yangu sijui. Akanitazama kidogo akasema, na siku ile ulijua? Nikamjibu hapana. Akajifunga kitenge vizuri akaondoka kuwahi boti.

Tangu hapo nimebadilisha vitu vichache. Nilinunua mpini wa msumeno na nyembe sita kwa hela yangu duka la vifaa vya ujenzi, zinaning'inia kwenye msumari, mzee anazihesabu kila Ijumaa. Rula ya mtoto wa shule ipo. Chupa za kijivu zipo kwenye boksi la viatu. Kila mwili wa majini ninatoka kwanza nje kwenye mwembe kuuliza nani kauona, kaufunga wapi, kaugeuzaje. Fuvu silifungui kabla sijavuta ngozi yote mpaka shingoni. Kama kitu sikufanya naandika sikufanya na kwa nini.

Miezi michache nyuma kaletwa mwingine, mtu mzima, wa mwalo wa jirani, siku ya nne majini. Nilifanya yote niliyoweza, kichwa safi, shingo safi, moyo umetanuka kiasi, nikatoa mkojo na kipande cha ini bila fomalini, nikaandika chanzo cha kifo hakijathibitika, kinasubiri majibu ya Mkemia, kuzama kunawezekana. Afande akarudi na fomu kesho yake asubuhi, kijana mzuri tu, akasema dokta bosi anasema faili halifungwi hivi, weka tu kuzama. Nikamwambia basi lisifungwe kwanza, nikamvutia kiti, nikamwonyesha boksi la viatu kwenye friji la maabara, nikamuuliza gari lao lina mafuta ya kwenda mjini lini. Akakuna kichwa. Fomu akaiacha pale mezani, Alhamisi akaja na barua ya kupeleka chupa na bodaboda ya kumfikisha kivukoni.